Mkono Uliotangulia Kuamka

Asubuhi tuliyopanga kumzika mama yangu, mama yangu hakuwa amekufa. Wageni husumbuliwa sana na sentensi hiyo. Mimi nimechoka kuieleza, lakini nitaieleza mara hii moja, na atakayebaki na maswali aende akamuulize mwingine.

Mama alikuwa amekauka. Alilala kwenye sanduku la kioo ndani ya mwamba, upande ule mkavu wa milima ya Taita unaotazama mbuga, akiwa mwepesi kiasi kwamba mtu mmoja angeweza kumbeba mikononi bila kuhema. Jina lake Mghoi. Alikaushwa akiwa na miaka thelathini, kwa sababu damu yake ilikuwa na ugonjwa ambao siku hizo haukuwa na dawa. Mimi Wawuda, mwanawe wa pekee, nilikuwa na miaka saba. Sasa nina arubaini na mmoja, nimesomea mimea, na mimi ndiye mwamshaji mkuu wa Kituo kile kile kilichomkausha. Nimempita mama yangu umri, na kila nikimtazama pale kiooni naona msichana ambaye ningeweza kumtuma dukani.

Kabla hajalala alisema neno moja, mbele ya mama yake na mbele ya mkuu wa Kituo wa siku hizo, na neno hilo likawa ndiyo sheria yake.

"Dawa ikipatikana wakati Wawuda bado ananihitaji, niamsheni. Akishakuwa mtu mzima anayejitegemea, niacheni nipumzike."

Dawa ilipatikana mwaka jana. Mimi ni mtu mzima ninayejitegemea. Muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi chini yangu. Na Kituo hakiweki watu kama mitungi stoo. Mkavu ambaye dawa yake imefika huamshwa, na kama alikataa kuamshwa, hurudishwa kwa watu wake wakamzike. Kwa hiyo kaburi lilichimbwa kule juu kwetu, na nilipoulizwa kama familia inaliheshimu neno la marehemu ambaye si marehemu, nilisema ndiyo. Nilisema haraka sana. Daktari Righa, mwenzangu wa miaka mingi na mtu mwenye kisu kisichotetemeka, aliniangalia kidogo, halafu akasema anauheshimu msimamo wangu. Nami nikajiheshimu pia.

* * *

Kazi yetu yote ilizaliwa na mmea mmoja. Huota juu ya mwamba mtupu, mahali ambapo hata mbuzi haoni sababu ya kupanda. Sisi huuita mfufuko. Mvua ikikatika, mimea mingine hupigana: hufunga vitundu vya majani yake, huzamisha mizizi, hung'ang'ania kila tone mpaka inyauke na kufa. Mfufuko haupigani. Hukunja majani na kuubomoa ukijani wake wenyewe, taratibu, kipande kwa kipande, mithili ya watu wanaong'oa hema la harusi. Ndani ya kila seli, maji yanapotoka, sukari huingia kushika nafasi yake, na sukari hiyo huganda ikawa ngumu na angavu kama kioo. Chochote kilichokuwemo ndani ya seli hubaki pale pale kilipokuwa. Hakisogei, hakiozi, hakizeeki. Ukiuokota utadhani ni fagio lililotupwa. Unyunyizie maji, na kufikia kesho yake ni kijani tupu.

Waliotutangulia walijifunza namna ya kuupa mwili wa mtu sukari ile, seli hata seli, kabla ya kuyaondoa maji. Hilo ndilo walilolifanya, na kila kilichofuata ni subira na usafi.

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na bado kila mfanyakazi mpya anapokuja, mimi mwenyewe ndiye ninayeweka shina kavu la mfufuko kwenye bakuli mbele yake, ili nami nipate kisingizio cha kukaa na kutazama. Sijazoea. Watu husema sayansi huondoa maajabu duniani. Watu hao hawajawahi kukaa na bakuli.

Mambo mawili huwa nawafundisha hapo hapo. La kwanza ni kwamba maji hayana kurudi nyuma. Mbegu ikishakunywa ikachomoza mzizi, haiwezi tena kuwa mbegu. Itakua au itakufa. La pili ni kwamba mmea hauna makao makuu. Jani moja la mfufuko, likikatwa likiwa kavu na kutiwa maji, huamka peke yake bila kuliuliza shina. Kwa binadamu hatukuwahi kuliona jambo hilo, kwa sababu hatukuwahi kumlowesha binadamu nusu nusu.

Halafu wao huniuliza akili inakuwa wapi muda wote huo. Ninawajibu kwamba bila maji hakuna umeme wa neva, na bila umeme hakuna wazo. Walioamka wote husema jambo moja: walifumba macho, wakafumbua. Ile miaka katikati haikuwapo kwao.

Wazee wa kwetu hawakubaliani nami. Mababu zao waliviweka vichwa vya wazee wao kwenye mapango ya miamba na kwenda kuzungumza navyo kukiwa na shida, kwa hiyo wakiingia Kituoni hawashangai hata kidogo. Wanaona tumechelewa tu. Kwao, kinachodhuru mwili ni hasira iliyofichwa moyoni. Hasira ya ndugu wa karibu yaweza kumuumiza mtoto au kumkausha ng'ombe maziwa, na mwenyewe mwenye hasira asijue. Dawa yake ni kutasa. Mtu hupiga funda la maji ya muwa, akalipuliza nje kwa nguvu likatawanyika, kisha akatamka kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka. Niliyaona hayo utotoni. Nilikuwa nimeyasahau kwa namna wasomi tunavyosahau, yaani kwa makusudi.

* * *

Nyanya Mkamburi, mama yake mama, aliletwa na gari la Kituo. Alikuja kumuaga binti yake kabla hatujampandisha milimani. Alikuwa amejifunga leso mbili juu ya sweta, na mkononi alishika kibuyu kidogo.

Kwenye mlango wa chumba cha mwamba kuna sheria isiyo na mchezo: hakuna maji. Chupa, chai, hata koti lenye umande, vyote hubaki nje, na kila mtu hupanguswa jasho kabla ya kupita. Mlinzi alimwomba kibuyu kwa heshima zote. Nyanya alikitazama, akakipeleka mdomoni, akanywa kidogo, akamkabidhi. Mlinzi akashukuru. Nami nikashukuru moyoni, maana nilitegemea ubishi.

"Shikamoo, nyanya," Righa akamwambia.

Nyanya akainamisha kichwa. Hakujibu.

"Pole na safari," nikasema. "Umelala vizuri?"

Akanishika mkono akaufinya, kimya. Nikadhani uchungu umemfunga mdomo. Mashavu yake yalikuwa yamejaa kidogo, nikadhani anazuia kilio. Mimi, niliyesomea namna kiumbe anavyohifadhi maji, nilisimama nikamtazama bibi kizee mwenye mashavu yaliyotuna na sikujiuliza chochote.

Tulilifungua sanduku. Mama alikuwa amefungwa shuka la nta kuanzia shingoni hadi miguuni, na usoni alikuwa na kifuniko chembamba cha kioo. Mkono wa kulia peke yake tuliuacha wazi, juu ya shuka, kwa sababu familia hupenda kuugusa kabla ya kuaga. Ulikuwa na rangi ya gome la mti. Vidole vilikuwa vimejikunja kidogo kuelekea kiganjani.

Nyanya akainama juu ya binti yake. Akapuliza.

Funda lote la maji ya muwa likatoka mdomoni mwake likawa ukungu, na ukungu ukashuka juu ya shuka, juu ya kioo cha uso, na juu ya mkono ule.

"Mghoi, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, "nilikukasirikia. Ulipokuwa unaondoka ulimfikiria mtoto wako kama anakuhitaji. Mimi mama yako hukuniuliza. Miaka yote hii nimekaa na hilo. Leo nimelitoa. Halimo tena. Nenda ukiwa mwepesi."

Nililisikia kila neno, lakini sikulisikiliza hata moja. Nilikuwa nautazama mkono. Kwenye shuka na kwenye kioo matone yalikuwa yamekaa, yanang'aa. Kwenye ngozi hayakuwepo. Ngozi ilikuwa imeyanywa.

* * *

Righa alikuwa amekwisha kuchukua kitambaa. Akapangusa shuka, akapangusa kioo, akafika kwenye mkono akasimama, kwa sababu hapakuwa na cha kupangusa.

"Nyanya, umefanya nini?" akauliza, tena kwa upole, kama mtu anayemuuliza mtoto.

"Nimetasa," Nyanya akajibu. "Mtu hazikwi na hasira. Nyinyi mlitaka nifanyie wapi, barabarani?"

Mlinzi alikuwa ametimiza sheria, Nyanya alikuwa ametimiza yake, na mimi ambaye nilizijua zote mbili ndiye niliyepaswa kuliona jambo lile likija.

Kisha mkono ukaanza.

Ulianza kwenye vifundo vya vidole. Makunyanzi yaliinuka, yakajaa, yakalainika. Rangi ya gome ikarudi nyuma polepole ikipisha rangi nyingine, ambayo mara ya kwanza sikuitambua, halafu nikaitambua: ilikuwa rangi yangu. Chini ya kucha pakaingia wekundu hafifu, damu ya zamani iliyokuwa unga sasa ikikumbuka kuwa damu. Mshipa mdogo nyuma ya kidole gumba ukachomoza. Vidole vikafunguka, kimoja baada ya kingine, bila haraka yoyote, kisha kiganja chote kikakaa wazi mbele yetu, chenye mistari yake.

Sijui niseme nini hapa. Nimewaamsha watu wengi. Wote waliamka mwili mzima kwa pamoja, ndani ya ukungu wa mashine, na sisi tukiwa tumejiandaa. Sikuwahi kuona mkono ukirudi duniani peke yake, bila kichwa, bila moyo, bila hata pumzi. Nilisahau kwamba mimi ni mkuu wa chochote. Nilikuwa mtu tu, nimeshika ukingo wa sanduku, nikiogopa kupumua.

Nyanya akanyoosha kidole chake cha shahada, akakiweka kwenye kile kiganja. Mkono ukakishika.

"Ananishika," akasema. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyafuta. "Wawuda, njoo uone. Mama yako ananishika. Hataki kuzikwa."

Righa alinivuta kando, ingawa chumba kile cha mwamba hakifichi sauti. Alikuwa amekwisha kupima kwa kidole chake, akibonyeza mkono kutoka kwenye kifundo kwenda juu.

"Maji yanapanda," akaniambia. "Yanafuata mishipa, kama mafuta kwenye utambi. Hayatasimama. Yakipita kiwiko sitapata mahali safi pa kukata, na yakifika kifuani kabla moyo haujawa tayari, ataoza akiwa nusu mtu. Kwa hiyo ama nikate mkono sasa, tumzike kama alivyotaka, ama tufungue ukungu tumloweshe mwili mzima. Ukungu ukifunguka hakuna kurudi."

"Na dawa ya damu?"

"Ipo. Wengi wanaopewa huishi. Lakini Wawuda, hilo silo swali. Alisema tusimwamshe."

"Nyanya anasema ananishi... anamshika."

Ulimi uliteleza, na Righa aliusikia ukiteleza, lakini ni mtu mwenye adabu.

"Wewe ndiye mtaalamu wa mimea," akasema. "Niambie wewe kule kushika ni nini."

* * *

Nilijua ni nini. Kwenye bustani ya Kituo tuna kifauongo. Ukiligusa jani lake hujikunja likajifanya limekufa, na wageni husema lina haya. Halina haya. Seli zilizo kwenye kifundo cha jani humwaga maji yake, jani hulegea na kuanguka, basi. Ukilifukizia nusukaputi haliwezi tena kujikunja. Hulala kama mgonjwa wa upasuaji. Hata hivyo hakuna mtu aliyewahi kupata wazo ndani ya jani. Kitu kinaweza kuhisi, kikajibu, hata kikalazwa usingizi, na pasiwe na mtu nyumbani.

Ningeweza kunyamaza. Huo ndio uliokuwa mtego wangu, na nilikuwa nauona vizuri kama ninavyoona kiganja changu. Nyanya angefurahi. Righa angebisha kidogo kisha angeacha. Nami ningeishi maisha yangu yote nikisema kwamba mama alibadili nia, kwamba aliniita kwa mkono, na hakuna ambaye angeweza kunisuta. Ila mama angekuwa amesemewa neno ambalo hakulisema, tena na binti yake, tena akiwa amelala.

Nikatoa kalamu mfukoni.

"Nyanya, hebu toa kidole chako kidogo."

Alikitoa taratibu. Vidole vya mama vikabaki wazi. Nikaiweka kalamu pale pale kilipokuwa kidole cha Nyanya.

Mkono ukaishika kalamu. Uliishika vile vile, kwa nguvu ile ile, kwa upole ule ule.

Nyanya aliitazama ile kalamu muda mrefu. Nilitaka anitukane, maana nilistahili, lakini alipokuwa tayari kusema sauti yake haikuwa na ukali.

"Basi hauulizi wala haujibu," akasema.

"Ndiyo, nyanya."

"Kwa hiyo neno lake ni lile la zamani."

"Ni lile lile."

"Na wewe ulikubali tumzike."

"Niliheshimu alichosema."

Akanigeukia. Macho yake ni mazee na yana ukungu pembeni, lakini siku hiyo sikupata pa kujificha.

"Wawuda, mimi ndiye niliyekulea. Najua ukiheshimu unakuwaje, na najua ukinuna unakuwaje. Hujatasa wewe. Ukiukata mkono huu sasa, utaukata kwa hasira. Ukimwamsha, ataamkia ndani ya hasira. Kibuyu changu kiko mlangoni. Nenda."

"Nyanya, maji yanapanda. Hatuna muda wa..."

"Basi nenda haraka."

Nilimtazama Righa nikitegemea aniokoe. Akaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa mama, akabonyeza. "Bado hayajafika kiwiko," akasema. "Nenda."

* * *

Mlinzi alinipa kibuyu bila kuuliza. Nilisimama nje ya mlango, jua la asubuhi likiwa limeshaupasha mwamba, na chini kabisa mbuga ikiwa imelala hadi mwisho wa macho. Maji ya muwa yalikuwa ya uvuguvugu na matamu mno. Nikapuliza juu ya jiwe. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimekusudia kusema maneno mawili ya adabu kisha nirudi kazini.

"Nilikukasirikia," nikasema.

Nikapiga funda la pili.

"Uliniwekea sharti la kukua. Nyanya aliponiambia hilo nilikuwa darasa la sita. Nilikataa kufua nguo zangu mwaka mzima. Nilikojoa kitandani makusudi, msichana mkubwa, nilale kwenye baridi ya mkojo wangu, ili waone kwamba bado nakuhitaji waje wakuamshe. Nikachapwa. Dawa haikuja. Basi nikakua. Nilikua kwa nguvu, nikasoma kwa nguvu, sikumwomba mtu yeyote kitu chochote, na kila nilipojitegemea nilikuwa nakufungia mlango, nami nilijua. Halafu dawa ikaja. Nikasema tumzike, nikaiita heshima."

Nilipuliza mara nyingine, lakini mdomo ulikuwa mtupu. Nililia kwa sauti, kama wanavyolia watu wa kwetu msibani, na mlinzi akageuka akatazama mbuga.

Sitadai kwamba hasira ilinitoka ikaanguka juu ya jiwe nikaiona. Mimi si mtu wa kuona vitu vya namna hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba mabega yangu yalishuka, na kwamba nilipokunja kiganja kushika kitasa cha mlango niligundua kuwa kilikuwa kimekunjwa tangu asubuhi. Akili inakaa wapi, niliulizwa mara ngapi. Nilijibu kila mara nikionyesha kichwa.

Nikapangusa mikono, nikapangusa mdomo, nikaingia.

"Fungua ukungu," nikamwambia Righa.

Hakusogea. "Neno lake, Wawuda."

"Nalijua. Ninalivunja."

"Alikuwa na akili timamu aliposema. Umekataza familia ngapi kufanya hivi hivi? Kesho mwingine atataka kumwamsha baba yake aliyekataa, akuonyeshe wewe kama mfano. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilikosea na nikaadhibiwa. Sisemi nina haki. Hakuniita, uliona mwenyewe alivyoishika kalamu. Mimi ndiye ninayemtaka. Akiamka akanilaumu, nitakaa chini nilaumiwe, na kesho utachukua funguo za chumba hiki, kwa sababu mwamshaji aliyevunja neno la mkavu hafai kuwa mkuu wa waamshaji."

Righa aliniangalia. Anazijua funguo zile zina maana gani kwangu. Kisha akaugusa mkono wa mama mara ya mwisho, karibu na kiwiko, akakunja uso.

"Mfungue shuka," akasema. "Mimi naenda kwenye mitambo."

* * *

Ukungu ulishuka hadi jua likaanza kuelekea upande wa pili wa mwamba. Tuliupunguza na kuuongeza kwa mkono, kwa sababu mwili ulikuwa umeanzia mahali pasipo pake na mashine haikujua la kufanya. Utando wa seli ukinyweshwa haraka hupasuka. Ukicheleweshwa, sehemu iliyotangulia huoza. Mkono wa kulia ulikuwa mbele ya mwili mzima, na tulilazimika kuutunza ungoje, Nyanya akiupangusa na kuukanda huku akiuambia utulie, wenzake wanakuja.

Na kweli wakaja. Bega lilijaa. Shingo ikajaa. Nilikiondoa kioo usoni, nikaona midomo ikipata umbo, kope zikinyooka, na lile kovu dogo juu ya nyusi ambalo nilikuwa nimelijua kama ufa kwenye gome likawa kovu juu ya ngozi ya mtu. Nywele zililowa zikanuka nywele. Dawa ilipita mishipani pamoja na maji, ikienda mahali ambapo kwa miaka thelathini na minne hapakuwa na kwenda wala kurudi. Mfufuko ukiamka huujenga upya ukijani wake wote kuanzia mwanzo, kutoka katika mchoro ambao haukuupoteza, na hakuna anayejua kwa hakika mchoro huo umeshikwa na nini. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo mara nyingi. Siku hiyo nilisimama mbele yake bila kitu cha kufundisha.

Righa aliugusa moyo kwa umeme kidogo. Haukujibu. Akaugusa tena.

Kifua kikapanda.

Kilishuka, kikakaa kimya kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, kikapanda tena, halafu kikaendelea, na chumba kizima ambacho siku zote ni kimya kama jiwe kikawa na sauti ya mtu anayepumua. Nyanya akaketi sakafuni. Righa akafuta uso wake kwa mkono wa koti, akasema ana jasho.

Mama akafumbua macho.

Kwake miaka ile haikuwapo. Alikuwa amefumba macho kitambo kidogo tu, jioni ya siku ile, akiwa ameniacha nyumbani. Macho yake yalitangatanga kwenye dari, yakashuka, yakanikuta nimemwinamia. Nina mvi mbele ya kichwa. Nina taya la Nyanya na namna yake ya kukunja paji la uso, na umri wangu unakaribia ule aliokuwa nao Nyanya mwaka ule. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nimezipanga hadi majibu yake. Alinitazama kwa muda, akatulia, kama mtu aliyemwona aliyekuwa akimtafuta.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya kukwaruza. "Wawuda ameshakula?"

Nyanya, kule sakafuni, aliinua kichwa akanitazama.

"Bado," nikamwambia. "Anakungoja wewe."